Amri Kumi na Moja Mlangoni kwa Janepher

Mbale, 3 Machi 2025

Mdogo wangu Semei,

Salamu nyingi kutoka huku chini ya mlima. Mvua zimeanza mapema, na wateja wanaingia dukani na nusu ya barabara kwenye viatu. Gaster, mpakuzi wangu, mkewe amejifungua mapacha, naye anatembea sokoni kwa kujishika kiuno kama yeye ndiye aliyejifungua. Kimaka hamjambo? Goti lako lile la tangu jeshini likoje? Najua utasema zima, basi tuendelee.

Unalalamika kwamba sipokei simu. Nimeizima na kuitia ndani ya kopo la mchele. Tuandikiane kama Baba alivyotufundisha, alipokuwa askari magereza na barua zetu za shuleni akizirudisha na wino mwekundu kila mahali tulipokosea Kiswahili. Joash, yule dereva wa lori wa Bungoma, amekubali kuwa posta yetu. Nakuonya tu kwamba anatoa ushauri.

Na ushauri ndio ulioniulia simu. Tangu daktari aniambie, miaka miwili sasa, kwamba viungo vyangu vina baridi yabisi na kwamba haitaondoka, Mbale nzima imesomea udaktari. Mtu ananunua katoni moja ya sabuni, ananiachia dawa tatu. Mama Nabifo wa kwaya ameniletea upupu nijichape nao magotini, ati damu iamke. Mwingine alinisimulia kuhusu mjomba wake aliyekuwa na ugonjwa huu huu, akaeleza tangu kidole cha kwanza mpaka jeneza, halafu akaniomba nimpunguzie bei ya chumvi. Na Rashida, jirani yangu wa duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, ambaye nampenda, huniambia, "Lakini jana mimi naona wewe nacheka!" Kana kwamba mtu akicheka Jumatatu, Jumanne hana haki ya kuumwa.

Wanaosema sionekani mgonjwa wananikasirisha kuliko wote. Siku niliyovaa kandambili kwa sababu vidole vilikataa viatu, hao hao wakasema nimejiachia. Nimechoka, Semei. Sijachoka na ugonjwa, huo tumezoeana. Nimechoka na watu.

Tuache hayo. Utambulisho wa binti yako Shallon, siku wakwe watakapokuja kujitambulisha, ni lini? Nimeshakata kitambaa cha gomesi ya kijani, gauni letu la sherehe, na maneno ya kumpokea mchumba wake Timothy na watu wake nayajua usingizini. Shangazi wa binti ni mmoja tu, na ni mimi.

Dada yako,
Janepher


Kimaka, Jinja, 19 Machi 2025

Kwa Dada Janepher,

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Hapa sote wazima. Biashara ya kuchapa barua na kuchonga mihuri inaendelea vizuri, maofisa wa jeshi wanaokuja kusoma chuoni hapa Kimaka hawaishiwi fomu. Goti zima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaona ni suala la nidhamu. Raia wameingia eneo lako bila utaratibu. Bahati nzuri Shallon alihudhuria semina kanisani kuhusu namna ya kuzungumza na watu wenye magonjwa ya kudumu, akarudi na karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwa upole mno, kila sentensi "jaribu" na "pengine". Nimeiweka sawa. Zimetoka amri kumi na moja, nazo nakuwekea baadhi hapa chini kwa kifupi.

Ni marufuku kumwambia mgonjwa kwamba haonekani mgonjwa. Ni marufuku pia kumwambia kwamba anaonekana mgonjwa. Mitishamba yote iachwe kwa Gaster. Mgeni asitaje ndugu yake yeyote aliyekufa, hata kama alikufa kwa ajali. Maombi ya sauti yasizidi dakika mbili. Neno "pole" lisemwe mara moja tu kwa kila ziara. Na ya kumi na moja, ambayo nimeibuni mwenyewe: mgonjwa asiulizwe hali yake, kwa kuwa swali hilo humchosha.

Nimechapa kwa herufi kubwa, nikapiga mihuri mitatu. Joash ana maelekezo.

Kuhusu utambulisho, maandalizi yanaendelea. Wewe pumzika.

Mdogo wako,
S. Obura, Sajenti (Mstaafu)
[MUHURI]


Mbale, 22 Aprili 2025

Afande,

Pasaka imepita, asante kwa kuuliza, maana hukuuliza. Mapacha wa Gaster wanaitwa Mukama na Nasiba, kwa sababu mkewe ana upande wake wa dini na yeye ana wake, wakagawana. Mlima umejaa ukungu. Sasa nikueleze ulichokifanya.

Joash alifika alfajiri, kabla sijafungua. Maelekezo yako aliyatekeleza kwa gundi ya matairi, kwa hiyo karatasi ile haijabanduka mpaka leo, itatoka na mlango. Nilipofika nikaisoma, nikacheka, nikasema haya, mdogo wangu ananipenda. Siku mbili za kwanza nilistarehe. Hakuna tangawizi, hakuna mjomba wa mtu. Mama Nabifo alipita na kikapu chake, akasimama, akasoma midomo ikitikisika, akaondoka mbio na miguu ile ile anayosema haiwezi kupanda mlima.

Siku ya tatu nikaona kwamba hata sabuni hakuna aliyekuja kununua.

Hebu fikiri, Semei. Sisi tulizaliwa kambini, Kiswahili kwetu ni uji wa asubuhi. Lakini mtu wa Mbale akikuta karatasi mlangoni, Kiswahili kitupu, herufi kubwa, AMRI, MARUFUKU, mihuri mitatu na jina la sajenti, unadhani anasoma mpaka chini kwenye upole wa Shallon? Wazee wa hapa wana kumbukumbu zao na Kiswahili cha mihuri, tangu enzi za utawala wa askari. Sokoni ilivuma kwamba jeshi limechukua duka langu. Wengine, waliofika mpaka neno "mgonjwa", wakasema hapana, ni karantini, kuna maradhi mapya ndani na mama amefungiwa nayo. Nilimsikia mwenye bodaboda mmoja akimwambia abiria wake, "Hapana ingia huko, mama. Huko kuna jeshi, na ile jeshi iko na homa."

Rashida alisimama ng'ambo ya barabara, akaweka mikono mdomoni. "Janepher! Wewe bado iko ndani?"

"Niko!"

"Hao askari nakupa chakula?"

Ijumaa mwenyekiti wa mtaa akaja na mwanamke wa afya aliyevaa barakoa mbili. Walikaa mlangoni, hawakuvuka kizingiti. Nikawaeleza kwamba ni ndugu yangu, ana mashine ya mihuri na moyo mzuri. Mwenyekiti akauliza, "Huyo afande, yeye nataka nini kabisa?" Nikamwambia hata mimi sijui.

Nimebandika gazeti juu ya amri zako na wateja wanarudi mmoja mmoja. Lakini sasa wana adabu, na hiyo adabu inatisha. Wanaingia, wanataja bidhaa, wanatazama dari, wanaondoka. Rashida ananiletea chai na kuiweka mlangoni. Nilidhani nataka watu wanyamaze. Kumbe nilitaka waseme kama zamani, nani kamwacha nani, bei ya vitunguu, mchungaji kanenepa. Nimelia mara moja, nyuma ya magunia ya unga, nikajifuta.

Tarehe ya utambulisho hujaitaja bado. Gomesi imeshonwa.

Janepher


Kimaka, Jinja, 30 Mei 2025

Kwa Dada Janepher,

Natumaini barua hii itakukuta. Nilitaka kuandika "mzima", Shallon akasema neno hilo halifai kwa mtu wa ugonjwa wa kudumu. Nikaandika "salama", akasema linatisha. Kwa hiyo itakukuta tu.

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako Joash aliipeleka kwanza Kisumu, ilikaa chini ya kiti wiki tatu pamoja na samaki. Bado inanuka lakini inasomeka.

Kuhusu tangazo, nimepokea lawama. Kosa ni la utekelezaji. Ningeweza kulichapa tena kwa Lumasaba, lugha ya huko Mbale, nikipata mfasiri.

Jinja kuna joto. Nimepaka nyumba rangi na kukodi mahema mawili. Nimeacha kupanda ngazi za kwenda kwa mchapaji wa kadi, namwita ashuke yeye, kwa kuwa ni vizuri wafanyabiashara wawafuate wateja. Utambulisho ni Jumamosi tarehe 23 Agosti. Kadi ninaiambatanisha. Norah wa Baba Mkubwa atasaidia kidogo mambo ya mkekani, ili wewe ukae mbele kwa heshima, kivulini, upumzike.

Mdogo wako,
S. Obura, Sajenti (Mstaafu)
[MUHURI]


Mbale, 9 Juni 2025

Semei,

Sina salamu.

Kadi nimeiona. Imeandikwa kwa dhahabu: "Shangazi wa Bibi Harusi: Norah." Norah huyo ambaye Shallon alipougua surua hakujua hata yuko darasa la ngapi. Na mimi nimeandikwa ukurasa wa nyuma, kati ya wageni waalikwa, baada ya mwenye mahema.

Nani alimkataza Shallon kuolewa na yule wa kwanza? Nani alimpeleka kununua sidiria yake ya kwanza, wewe ukiwa umesimama nje ya duka unasoma gazeti lililogeuzwa juu chini? Miaka ishirini na saba nimekuwa shangazi, sijawahi kupewa likizo wala sijaiomba.

Rashida amekiri. Anasema ulimpigia simu mara nne. Ulimuuliza kama naweza kuinama. Ulimuuliza kama naweza kukaa chini na kuinuka. Ulimuuliza Joash. Ulimuuliza Gaster, Semei, Gaster anayepakua mchele! Umewauliza watu wote kuhusu magoti yangu isipokuwa mwenye magoti.

Mama Nabifo aliniletea upupu. Ilikuwa upuuzi, lakini aliuleta mkononi na kunitazama usoni. Wewe umenifuta kwa dhahabu ukaniambia nipumzike.

Gomesi nitaivalisha sanamu ya kutishia ndege shambani.

Janepher


Kimaka, Jinja, 6 Julai 2025

Dada,

Nimeanza barua hii mara tano na karatasi zote nimezichana. Hii naandika kwa mkono. Mashine inanifanya niseme kama tangazo.

Januari tulipokwenda kumzika mama mkwe wangu, ulikaa mkekani na wanawake. Ibada ilipokwisha wenzako wote waliinuka. Wewe ulishika mlingoti wa hema. Ukajivuta, ukashindwa, ukajivuta tena. Watu walikuwa wanatazama, na kuna mmoja alicheka. Mimi nilikuwa hatua sita kutoka kwako. Nikageuza uso, nikajifanya naongea na dereva.

Hicho ndicho ambacho sikukuambia. Sikuona aibu juu yako, niliona aibu juu yangu. Tangu siku ile nawaza Shallon akiwa katikati ya hema, watu mia mbili wa Timothy wamekaa, shangazi anatakiwa apige magoti kuwasalimu kama desturi ya huku, na wewe unatafuta mlingoti. Nikasema sitaki wakutazame hivyo. Nikamwita Norah, anayepiga magoti na kuinuka kama anabonyezwa.

Nilidhani nakulinda. Shallon aliposoma kadi alilia, akaniambia semina ile ilikuwa na karatasi ya pili, mimi sikuichapa. Ilikuwa na mstari mmoja tu: muulize mwenyewe.

Basi nakuuliza. Dada, unaweza kupiga magoti?

Semei


Mbale, 20 Julai 2025

Mdogo wangu,

Salamu. Mvua imekatika, mapacha wameota jino kila mmoja siku moja, na Gaster anadai ni kazi yake.

Hapana, siwezi.

Tangu Oktoba siwezi. Sijamwambia mtu, nilikuwa nasema nimeacha kwa sababu sakafu ya kanisa ni baridi. Mwezi wa tano nilijaribu chumbani, nikiwa nimevaa ile gomesi, nikiwa na yale maneno yote. Nilikaa sakafuni mpaka Rashida, aliyekuwa ameleta chai mlangoni, aliponisikia nikigonga ukuta kwa kiatu. Hakusema pole. Alisema, "Wewe nataka nikuvute ama nikukalie karibu?" Nikamwambia akae kwanza. Tukala karanga, halafu akanivuta. Kwa hiyo nawe ungejua, kama ningesema. Hatia hii tuigawane, ila yako iwe kubwa.

Nimekasirika kidogo bado, lakini mkono umechoka kuandika hasira. Ninachotaka ni kiti, kile cha mbao cha Baba chenye mikono, sio cha plastiki kinachokunjika. Nataka jina langu kwenye kadi. Maneno ni yangu, sauti ni yangu, Timothy nitamtafuta kwenye umati mimi mwenyewe na nitamshika sikio kama inavyopasa. Magoti nimepungukiwa, mtajua nyinyi mtayapata wapi. Ila Norah, hapana.

Janepher


Mbale, 31 Agosti 2025

Mdogo wangu Semei,

Salamu nyingi kutoka dukani. Nimefika salama, na siku tatu baada ya sherehe nililala kama gunia, mwili ukidai chake. Nikaupa. Sasa nimeamka na vidole vinakubali kalamu.

Rashida hajaacha kusimulia. Kila mteja anayeingia kununua kitambaa anaondoka na sherehe yetu bure. Anaanzia mahali niliposimama na fimbo, kiti cha Baba nyuma yangu, na mzungumzaji wa kina Timothy akauliza kwa ile sauti yake ya redio, "Na huyu shangazi mbona hatusalimu kwa heshima? Au amekuja na kiti kutoka mbinguni?" Nilikuwa na jibu tayari, kali, la kumrudisha kwao Iganga kwa miguu. Nikafungua mdomo.

Ndipo wewe ukatoka kwenye meza ya wazee na suti yako ya medali. Ukaja kando ya kiti changu, ukasema, kwa Kiswahili cha gwaride, "Magoti ya shangazi yako hapa." Ukashuka. Mwanamume mzima, sajenti mstaafu, baba wa binti, magotini kwenye mkeka mbele ya wakwe. Wale wanawake wa Kimaka walipiga vigelegele mpaka hema likachezacheza. Yule mzungumzaji alitafuta maneno kwenye karatasi yake na hayakuwamo. Nami nikaketi kitini, nikawasalimu, mkono begani kwako, na sauti yangu haikutetemeka, ingawa nilikuwa nalia. Asante. Nasema mara moja tu, kama amri yako inavyotaka.

Kisha nikamaliza salamu, nikakuambia inuka. Nawe hukuinuka.

Nilidhani ni heshima. Nikakuambia tena. Ukaninong'oneza, "Dada, bado kidogo." Nikaangalia uso wako nao umejaa jasho, na mkono wako unatafuta mlingoti.

Nilivyocheka, Semei, Mungu anisamehe. Wakaja wanajeshi wawili kukubeba kama sofa. Na kabla hujafika kwenye kiti, Mama Nabifo, niliyemleta mwenyewe kutoka Mbale, akawa amekwisha kufungua kikapu. Nilimsikia akikuambia upupu. Mwenye mahema akakuambia tangawizi. Norah akakuambia, "Lakini Afande, wewe haionekani mgonjwa!" Mchungaji akaanza maombi yaliyozidi dakika mbili. Nawe ulikaa katikati yao, mwenye amri kumi na moja, unasema, "Zima, zima, ni zima tu."

Barabarani nikirudi nilikuwa nacheka. Tulipovuka Tirinyi, Mbale ikikaribia, kicheko kikaisha. Nikakumbuka barua yangu ya Machi. Nilikuuliza goti lako likoje, halafu nikajijibu mwenyewe kwenye mstari huo huo, nikaendelea na habari zangu. Nikakumbuka ngazi za mchapaji. Mimi ninayelalamika kwamba watu hawaniulizi, sikusubiri hata uvute pumzi.

Basi sasa nasubiri. Sina dawa, sina mjomba, kikapu changu ni kitupu. Usipige mashine, na usiandike zima.

Goti lako likoje?

Dada yako,
Janepher


Kimaka, Jinja, 9 Septemba 2025

Dada,

Linauma. Kila siku, mwaka wa tatu sasa. Asubuhi zaidi.

Barua hii sijaipiga muhuri.

Semei